Upepo Hurudi, Upepo Utarudi

9 Mei

Mpwa wangu Kishada,

Ujumbe wako wa simu niliupata. Sikuujibu, kwa sababu mtu niliyemshika mkono kumfundisha kuandika haniandikii "cjui" badala ya "sijui". Huko mlimani mtandao wenyewe ni wa kuvizia. Gari la vipuri hupita hapa kila wiki. Tuandikiane kwa karatasi, kwa maneno yenye viungo vyake vyote.

Nakuandikia kwanza kama katibu wa halmashauri ya mji, halafu kama mjomba. Mwaka kituo chenu cha upepo kilipofunguliwa, umeme ulitosha mpaka watu wakamsahau Babu. Mwaka jana ulianza kupungua. Mwaka huu Babu, ile injini kuukuu ya dizeli iliyo nyuma ya ofisi ya maji, ndiye anayeubeba mji mgongoni, huku akikohoa moshi juu ya nguo za watu zilizoanikwa. Kinyozi anawaambia wateja wake kwamba mapangaboi yenu yameula upepo wote, yameshiba, na ndiyo maana yamelala. Wanacheka, lakini wanaamini.

Sasa amepatikana mnunuzi wa Babu. Mwenyekiti anataka auzwe upesi. Wajumbe wengine wanaogopa: Babu akiondoka na upepo usipokuja, tutabaki na nini? Kwa hiyo wamekubaliana kukuuliza wewe, kwa kuwa ndiwe mpima upepo wa kituo na ni mtoto wa hapa. Swali lililopitishwa ni hili: "Je, upepo utarudi lini?" Jibu kwa sentensi moja, nami nitaisoma mkutanoni.

Mama yako hajambo. Kifua kinamsumbua kidogo, lakini ulimi ni mzima.

Mjomba wako,
Katibu


17 Mei

Mjomba, shikamoo.

Nisamehe kwa ile "cjui". Nilikuwa nimesimama juu ya mnara na simu ilikuwa imebakiza pumzi mbili.

Kinyozi amekosea, lakini sitamcheka. Hata hapa kituoni tulichukua muda kulielewa swala hili. Tulifungua mitambo, tukaifunga, tukabadilisha vipuri, tukagombana. Mitambo ni mizima. Ni upepo wenyewe. Waliochagua mlima huu walikuja kupima kabla ya ujenzi, na wakaikuta miaka minono. Wakachukua walichokiona, wakakiita kawaida, wakajenga kwa hesabu hiyo. Kumbe bahari za mbali hupata joto, kisha hupoa, na zinapobadilika hivyo hewa hubadili njia zake huku kwetu. Hakuna aliyeroga, hakuna aliyeharibu. Ndivyo dunia ilivyokuwa kabla hata ya mnara wa kwanza. Na ubaya ni huu: upepo ukipungua sehemu moja tu katika kumi, umeme unaotoka hupungua zaidi ya robo. Wewe barabarani hutahisi tofauti yoyote, kofia yako itapeperuka vilevile. Mtambo unahisi.

Nimetazama vipimo vya uwanja wa ndege wa zamani, vya tangu kabla sijazaliwa. Miaka dhaifu huja miwili, au mitatu, na mara moja ilikuja sita mfululizo. Ukiniuliza kuhusu kesho, nitakuambia. Ukiniuliza kuhusu wiki ijayo, nitakisia. Zaidi ya hapo nitakuwa natunga.

Sentensi yako ni hii: "Baada ya miaka dhaifu, upepo hurudi."

Kuhusu Babu sisemi kitu. Mkuu wa kituo amenionya kwamba kuuza au kutouza injini ni shauri la halmashauri, na kwamba mpima upepo apime upepo. Nimekubali.

Mjomba, siwezi kukaa. Nikikaa nasikiliza mapanga, na yakinyamaza nainuka kwenda kutazama kipimo, kana kwamba kukitazama kutakitia aibu kisogee. Kuna siku natembea hivyo masaa mengi. Mbona Mama haandiki?

Mpwa wako,
Kishada


2 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Swala ni mnyama, ana pembe na miguu minne, na huko mlimani huenda unawaona. Jambo linalojadiliwa ni suala. Tena hakuna "masaa". Ni saa moja, saa nyingi.

Sentensi yako imesomwa na imekubalika sana. Niliinyoosha kidogo tu, ili ifuate swali, kama inavyotakiwa. Wajumbe waliogopa kwa muda mrefu mno, na nadiriki kusema kwamba niliposoma nilisikia viti vikilegea. Yule fundi cherehani, ambaye hupinga hata sala ya kufungulia mkutano, alinyoosha mkono kuunga hoja kwa mara ya kwanza. Babu ameuzwa. Lori lenye winchi litamfuata mwishoni mwa mwezi, na fundi mitambo ameshaanza kulegeza boliti za sakafuni. Mwenyekiti ameagiza sentensi ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya maji, nami nimeiandika kwa mkono wangu, herufi kubwa.

Mama yako anakula vizuri. Tumekipanga upya chumba chake, kitanda kimesogezwa karibu na ukuta. Haandiki kwa sababu anasema mkono umechoka.

Jirani zetu wanakusalimu kwa heshima mpya. Nami, ingawa si tabia yangu, nilitembea kutoka mkutanoni nikiwa nimeinua kichwa.

Mjomba wako


6 Juni

Mwanangu,

Mkono haujachoka, aliyechoka ni mjomba wako kunitafutia visingizio. Nilimwambia asikuambie habari za mashine, lakini najua ameshakuambia, maana yule hajui kuficha kitu isipokuwa umri wake. Basi usishtuke. Kweli inanguruma, lakini nimeizoea. Nimeiita Mkwe, kwa kuwa wewe hujaniletea mwingine. Inakaa pembeni ya kitanda, inakoroma usiku na mchana, haiombi chai. Ina bomba la kupitisha hewa mpaka puani. Mganga wa zahanati alisema nisiiache muda mrefu, nami simsikilizi sana. Navua bomba, naenda mpaka duka la pili, nanunua changu, narudi kabla midomo haijabadilika rangi. Umeme ukikatika inapiga kelele kama kifaranga aliyekanyagwa, na mjomba wako anatoka mbio na kandambili moja.

Huko dukani wananisimamisha. Wanasema huyu ndiye mama wa yule binti aliyeandika UPEPO UTARUDI. Muuza duka aliniongezea sabuni bure kwa ajili yako. Nikajivuna, mwanangu, nikajivuna nikasahau kupumua.

Wakimwondoa Babu moshi utapungua, kifua changu kitafurahi. Umefanya vizuri.

Mama


11 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Barua ya Mama nimeipata. Sikuwa na habari ya mashine. Alidhani umeniambia, na wewe ulidhani hataniandikia, na mimi nilidhani kusogeza kitanda ni kusogeza kitanda.

Nimevunja kikombe, nimetoka nje, nimerudi, nimeanza barua hii mara nne. Nitajaribu kuandika kama ulivyonifundisha.

Niliandika "hurudi". Ubaoni umeandika "utarudi". Wewe ndiye uliyenieleza, nikiwa sijafika hata kimo cha meza, kwamba hu- ni ya mambo yaliyozoeleka na haina saa wala siku ndani yake. Mtoto hulia. Mbwa hubweka. Hakuna anayeuliza lini. Lakini -ta- ni ahadi. Anayesikia -ta- anakwenda kungoja mlangoni. Umechukua kitu nilichokiona katika vipimo vya zamani ukakigeuza kuwa kitu nilichoapa kwamba kinakuja, na kwa herufi hizo mji umemuuza Babu, na Mama yangu anapumua kwa waya.

Nami pia nina kosa. Nilikatazwa kuzungumzia injini, nikanyamaza, kwa sababu kunyamaza kulikuwa rahisi na niliona injini hainihusu. Sasa inanihusu.

Wiki hii kuna asubuhi mbili ambazo mlima mzima ulikuwa kimya hata nikasikia saa ya ukutani ya jikoni nikiwa uani. Siku kama hizo, bila Babu, waya unaofika kwa Mama utakuwa kamba tu.

Nimeambatanisha karatasi. Isome mkutanoni kama ilivyo, usiinyooshe. Inasema: "Upepo hurudi. Sijui lini. Unaweza kuja kesho ukakaa wiki, na hilo halitathibitisha chochote. Injini isiondoke." Nimetia sahihi. Mkuu wa kituo akiiona huenda nikateremka mlimani na mabegi yangu, na iwe hivyo.

Ukiona aibu kuisoma, mpe Mama asome.

Kishada


20 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba, ingawa salamu yako ilikuwa baridi.

Kanuni niliyoifuata ipo na ni sahihi: jibu hufuata wakati wa swali. Ukiulizwa "atakuja lini", hujibu "huja". Nilifundisha hivyo darasani miaka yote na sikupata kupingwa. Wajumbe waliuliza kwa -ta-, nami sikutaka jibu la mpwa wangu lisomeke kama la mtu asiyejua sarufi. Hilo tu ndilo nililowaza. Sikuwaza Babu. Sikuwaza hata chumba cha pili, ninakosikia ile mashine kila ninapoketi kuandika.

Ya Mama yako: aliniapisha nisikuambie. Nilitii mno.

Nilikwenda kwa Mwenyekiti na karatasi yako. Akanifungulia dirisha. Kishada, tangu Jumamosi upepo unavuma hapa kama uliotumwa. Bati la kinyozi limeng'oka. Mwenyekiti alinitazama akaniuliza, kwa upole wa kuudhi, kama nimekuja kulalamika kwamba mpwa wangu alisema kweli. Barabarani wananiita Mtabiri. Lori la mnunuzi limeshafika na limeegeshwa mbele ya ofisi ya maji, dereva analala chini yake. Ni vigumu kumwambia mtu mwenye upepo usoni kwamba upepo haujarudi.

Hata hivyo nimeitisha mkutano. Katibu ana haki hiyo, na sijaitumia hata mara moja. Ni Alhamisi ya wiki ijayo, asubuhi. Mama yako anasema atakuja. Nimemkataza. Amecheka mpaka akakohoa, na sasa anataka nimtafutie mtu wa kubeba mashine.

Mjomba wako


25 Juni

Mjomba,

Upepo huu nauona. Mapanga yanazunguka yote na wenzangu wanaimba. Mkuu wa kituo amepita akinipiga bega, akasema miaka dhaifu imekwisha, niandike hivyo kwenye taarifa. Nimekataa. Amenipa karatasi ya onyo, nayo ina makosa ya kisarufi ambayo ungeyafurahia.

Siku njema chache hazitengenezi mwaka. Waambie hivyo. Wakikuuliza upepo utasimama lini, waambie hilo pia silijui.

Siwezi kuja, gari la vipuri limeharibika njiani. Mama asikae karibu na mlango. Na chunga waya, watu wasiukanyage.

Kishada


1 Julai

Mpwa wangu,

Mkutano umefanyika, nami nakuandikia kabla moyo haujatulia.

Mama yako alikuja. Kinyozi na fundi cherehani waliibeba mashine, mmoja huku na mmoja huku, naye akitangulia kama bibi harusi. Alichagua mwenyewe mahali pa kukaa: kiti cha pembeni, karibu na soketi iliyo chini ukutani, hatua chache kutoka kwa Mwenyekiti. Ikachomekwa, ikaanza kunguruma. Mwenyekiti aliuliza kama haiwezi kupunguzwa sauti. Mama yako akamjibu kwamba hata yeye amekuwa akijiuliza hivyohivyo kuhusu baadhi ya wajumbe.

Nilisoma karatasi yako bila kugusa hata nukta. Kisha nikawaeleza kwamba ubaoni pameandikwa neno ambalo wewe hukuliandika, na aliyeliandika ni mimi. Wakauliza tofauti yake ni nini. Nikawapa mfano. "Mwenyekiti huchelewa" ni tabia, kila mtu anaijua. "Mwenyekiti atachelewa" ni kumsingizia mtu ambaye huenda leo atawahi. Walicheka sana, Mwenyekiti hakucheka. Nilidhani nimewapata. Lakini upepo ulikuwa ukisukuma madirisha wakati wote huo, karatasi zinaruka mezani, na Mwenyekiti akasema kwamba tofauti ya herufi mbili haiwezi kushindana na kitu wanachokisikia kwa masikio yao. Akaomba mikono ya wanaotaka Babu aondoke leo.

Mikono ilianza kupanda. Ndipo upepo ulipopungua, umeme ukakatika.

Hatukujua kwa taa, kwa maana ilikuwa asubuhi, na pangaboi la ukumbini lilikufa zamani. Tulijua kwa mashine. Mngurumo ulikoma na ile kelele ikaanza, kali, bila kupumzika. Mama yako alikaa wima, mikono magotini. Hakuita mtu. Kifua kikaanza kufanya kazi ninayoiona mimi nyumbani, na ambayo wale hawakuwahi kuiona. Mikono ilibaki hewani, hakuna aliyejua aishushe au aiache. Mwenyekiti ndiye aliyeinuka.

"Muwasheni Babu," alisema. "Mnangoja nini? Muwasheni."

Fundi mitambo akasema Babu hawaki, boliti zimefunguliwa na bomba la mafuta limekatwa tangu jana.

Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya dada yangu nikimshika mikono, nikiwa nimesahau kanuni zote. Aliniambia nisogee, kiatu chake kimepotea chini ya kiti. Akainama kukitafuta, na alipoinuka umeme ulikuwa umerudi.

Hawakupiga kura tena. Mwenyekiti alimtuma mtu mbio kwenda kumwamsha dereva, lori liondoke tupu. Fundi mitambo amekaza boliti na Babu ameungurumishwa jioni kwa majaribio. Moshi wake umeingia mpaka kwenye karatasi hii. Neno la ubaoni nimelifuta kwa kitambaa changu mwenyewe.

Kwa hiyo upepo umesema kwa niaba yako, kwa kupungua saa ileile iliyohitajika. Nimewaeleza hivyo watu wote waliouliza.

Mama yako amelala. Amechoka lakini rangi imerudi.

Mjomba wako


6 Julai

Mama, shikamoo.

Nimesoma barua ya Mjomba nikaenda moja kwa moja kwenye vipimo vya asubuhi ile. Nimevisoma mara mbili, kisha nikamwita mwenzangu wa zamu naye akavisoma.

Mama, upepo haukupungua. Ule ulikuwa upepo mkali kuliko wote wa mwezi. Umeme haukukatika mjini hata kwa kufumba na kufumbua.

Ninakuuliza peke yako, na ninataka jibu lako kwa mkono wako. Nini kilitokea? Na ulikaa muda gani bila hewa?

Sijalala vizuri tangu nivione.

Mwanao


12 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Mnajisumbua bure na vipimo vyenu.

Niliuvuta waya kwa mguu. Plagi ya ukumbini imelegea, nilikuwa nimeijaribu kwa kidole tangu wakibishana habari za kuchelewa. Nilimsikiliza mjomba wako akieleza, akaeleza vizuri kweli, nikaona wanacheka na bado mikono inapanda. Watu hawa wanaelewa kila kitu ila kile kisichowapata. Basi nikavua kiatu, nikavuta.

Mwanzoni niliigiza. Nilisema nitahesabu pumzi kumi halafu nirudishe. Lakini mjomba wako alikuja kupiga magoti palepale kwenye soketi, akanizibia njia na mgongo wake mpana, nikashindwa kufika. Kuanzia hapo sikuigiza, mwanangu. Niliona ukumbi ukienda mbali, na Mwenyekiti akawa mdogo kama kifungo cha shati. Ndipo nikamwambia asogee, nikajifanya natafuta kiatu, nikairudisha plagi. Usiniulize zaidi ya hapo. Nimekwambia ukweli kwa sababu uliutaka kwa mkono wangu.

Jana hapakuwa na upepo tangu alfajiri. Babu alinguruma mpaka jioni, Mkwe naye akanguruma, nikafua kanga zangu mara mbili kwa ajili ya moshi. Wajumbe wanasema shauri la kuuza litazungumzwa tena mwakani. Mwakani nitakuwepo.

Rudi nyumbani unione, mkuu wako akikuruhusu au asikuruhusu. Ila ukija usimguse mjomba wako kwa habari ya plagi. Ameshauambia mji mzima kwamba upepo ulipungua, na unajua mwenyewe jinsi asivyopenda kusahihishwa.

Mama